Zana za Bure za Mtandaoni: Ushauri kwa Mwalimu Mpya wa Sayansi

Mwalimu mwenzangu unayeripoti kituo cha kazi kwa mara ya kwanza, nakuandikia kwa sababu najua mambo mawili yatakupata karibu kwa pamoja. Utakabidhiwa vipindi vya Fizikia vya mikondo kadhaa, pengine na Hisabati juu yake kwa kuwa mwalimu wake amehama, na utaonyeshwa maabara yenye vifaa visivyotosha hata nusu ya darasa. Wakati huohuo makundi ya walimu kwenye simu yako yatajaa viungo vya notisi, mitihani na programu za bure, kiasi kwamba ukifungua kila kimoja bando litakwisha na andalio la somo la kesho bado halijaandikwa. Kwa jinsi nilivyoona katika shule za kata, ushauri wangu umesimama juu ya jambo moja: zana ya mtandaoni inakufaa pale unapoitafuta kwa ajili ya mada ambayo tayari umejua inawashinda wanafunzi wako, na pale inapoweza kufanya kazi darasani hata mtandao ukikatika. Isiyotimiza masharti hayo mawili, hata iwe nzuri kiasi gani, itakula muda wako.

Anza basi kwa kujua kinachowashinda. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, haliweki kwenye tovuti yake mitihani iliyopita tu. Huweka pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, katika faili za PDF ambazo mtu yeyote hupakua bila malipo. Walimu wengi wapya hupakua mitihani na kuziacha taarifa, na kwa maoni yangu wanaacha kilicho bora zaidi. Taarifa hizo hupitia swali moja baada ya jingine, hueleza swali lilikusudia kupima nini, ni asilimia ngapi ya watahiniwa waliopata alama hafifu, za wastani na nzuri, kisha huonyesha picha ya jibu zuri na ya jibu baya kama yalivyoandikwa kwa mkono wa watahiniwa wenyewe, pamoja na maelezo ya kosa lilipo. Soma taarifa za miaka mitatu au minne ya somo lako ukiwa na daftari na kalamu, na kila kosa linalojirudia liandike pamoja na jina la mada yake kama lilivyo kwenye muhtasari. Daftari hilo ndilo litakalokuambia utafute nini mtandaoni, na ndilo litakalokuzuia usipakue kitu kwa sababu tu kinapendeza.

Jirani wa daftari hilo ni muhtasari wenyewe. Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye dhamana ya mitaala na vitabu vya kiada, ina maktaba mtandao ambamo vitabu husomeka bila malipo kwa simu, kishikwambi au kompyuta. Katika miaka hii jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu kuanzia Januari 2024 na unapanda kidato kwa kidato, hivyo nakala iliyoachwa kabatini na mwalimu aliyekutangulia inaweza kuwa ya mtaala unaoondoka. Kabla hujaleta darasani zana yoyote kutoka nje ya nchi, hakiki kwamba mada yake imo kwenye muhtasari, imo katika kidato unachofundisha, na inatakiwa kwa kina gani. Zana nyingi nzuri zimetengenezwa kwa mtaala wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, ambako mpangilio wa mada si huu wetu, na mwanafunzi hawezi kujua tofauti hiyo kama wewe hukuiona kwanza.

Sasa nikupeleke kwenye zana ambayo, kama ningeruhusiwa kukuachia moja tu, ningekuachia hiyo. Ni PhET, mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza ya sayansi na hisabati unaotolewa bure na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, kwenye anwani ya phet.colorado.edu. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ninachokipenda si sifa ya mwanzilishi bali namna kilivyotengenezwa: kila jaribio la toleo jipya ni faili moja la HTML lenye ukubwa wa megabaiti chache, unalolipakua mara moja, ukalihamisha kwa flashi, na likafunguka kwa kivinjari cha kawaida kwenye kompyuta isiyo na intaneti kabisa. Majaribio mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili pia, na mwisho wa jina la faili hukuonyesha lugha yake, `_sw` kwa Kiswahili na `_en` kwa Kiingereza. Kwa shule ya msingi tumia la Kiswahili bila kusita. Kwa sekondari, ambako mtihani huandikwa kwa Kiingereza, mimi hufungua la Kiingereza ili wanafunzi wazoee maneno watakayokutana nayo kwenye karatasi ya mtihani, na la Kiswahili naliweka tayari kwa kundi la Kidato cha Kwanza ambalo bado linahangaika na lugha.

Nichukue mada ya umeme wa mkondo nikuonyeshe jinsi kipindi kinavyoweza kwenda, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi wanapobeba wazo lisilo sahihi ambalo ubao na chaki haviliondoi. Wengi huamini kwamba mkondo hutumika na kupungua kadiri unavyopita kwenye balbu, hivyo balbu iliyo karibu na betri hupata mkondo mwingi na ile ya pili hupata mabaki. Unaweza kuandika ubaoni mara kumi kwamba katika saketi ya mfuatano mkondo ni uleule kila mahali, nao wataandika, watakariri, na watakosea tena kwenye mtihani kwa kuwa picha ya kichwani haijabadilika.

Fungua jaribio la kuunda saketi za umeme wa mkondo mnyoofu, linaloitwa kwenye PhET Circuit Construction Kit: DC. Buruta betri moja na balbu moja, ziunganishe kwa nyaya, na balbu itawaka. Betri huja ikiwa na volti 9 na balbu ikiwa na ukinzani wa omu 10, kwa hiyo amita, kifaa cha kupima mkondo, itaonyesha ampea 0.9, na mwanafunzi anayejua kanuni ya Ohm anaweza kuthibitisha hesabu hiyo kwa kalamu kabla ya kuangalia skrini. Hapo simama, usiongeze kitu. Wachoree ubaoni saketi yenye balbu mbili katika mfuatano, na kila mwanafunzi aandike daftarini mwake: balbu zitawaka sawa au tofauti, na amita ikiwekwa kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu mbili na baada ya balbu ya pili itasoma nini katika kila sehemu. Waache wabishane wawili wawili. Waliosema balbu ya pili itafifia wainue mikono, na waliosema zitafanana wainue yao. Ni baada ya hapo tu ndipo unapoongeza balbu ya pili na kuhamisha amita mahali pote patatu. Itasoma 0.45 kila mahali. Wanafunzi walioandika utabiri wao wataitazama namba hiyo kwa namna ambayo hawajawahi kuitazama sentensi ya ubaoni, kwa sababu sasa kuna jambo walilolisimamia.

Kisha nenda kwenye saketi sambamba, ambamo kila balbu ina njia yake kutoka kwenye betri, kwa utaratibu uleule wa kutabiri kwanza. Kila balbu itarudi kupitisha ampea 0.9 na kuwaka kama ilipokuwa peke yake, ilhali amita iliyo karibu na betri itasoma 1.8. Swali la kuuliza hapa ni hili: mkondo wa ziada umetoka wapi? Atakayejibu kwamba betri sasa inatoa mkondo zaidi kwa sababu ukinzani wa jumla umepungua hadi omu 5, huyo ameelewa sehemu ngumu ya mada. Nakusihi usiharakishe kipindi hiki ili ufikie maswali ya hesabu. Hesabu zitakuja kwa wepesi wakishaiona saketi vichwani mwao.

Kuna mambo matatu ya kuangalia katika jaribio hili. La kwanza, linapofunguka huonyesha elektroni zikisafiri, nazo hutoka ncha hasi kwenda ncha chanya, ilhali kitabu huchora mishale ya mkondo kutoka chanya kwenda hasi. Pembeni kuna kitufe cha kubadilisha kutoka elektroni kwenda mkondo wa kawaida, kitumie mbele yao na uwaeleze sababu, vinginevyo watadhani kitabu na kompyuta vinapingana. La pili, balbu ya kwenye skrini ina ukinzani usiobadilika, lakini balbu halisi ya nyuzi ukinzani wake hupanda nyuzi inapopata moto, hivyo usomaji wa maabara hautalingana sawasawa na wa skrini. La tatu, na ndilo kubwa, jaribio la kuigiza halichukui nafasi ya vitendo. Mwanafunzi atakayefanya mtihani wa vitendo lazima ameshika nyaya kwa mikono yake, ameona muunganiko uliolegea ukizima balbu, na amesoma mshale wa amita halisi. Kama una betri kavu na balbu za tochi, zitumie siku hiyohiyo au inayofuata. Skrini iwe ya kujenga wazo, meza iwe ya kujenga mkono.

Kuhusu vifaa, usingojee chumba cha kompyuta. Kompyuta mpakato moja yenye projekta inatosha darasa zima kwa utaratibu nilioueleza, kwa kuwa kazi kubwa inafanyika kwenye madaftari. Pasipo projekta, gawa darasa katika makundi, kundi moja lizunguke kompyuta huku mengine yakifanya zoezi, kisha yapokezane. Walimu wengi wa umma wana vishikwambi vilivyogawiwa baada ya kutumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Faili hizo za HTML hufunguka humo pia, na kishikwambi kimoja kinatosha kundi la wanafunzi sita au saba. Chaji usiku, punguza mwanga wa skrini, na jaribu faili lako siku moja kabla kwenye kifaa kilekile utakachokiingiza darasani, ukiwa umezima data ya simu. Hili la kuzima data ndilo kipimo pekee cha kuaminika kwamba zana inafanya kazi bila mtandao, maana ziko kurasa zinazoonekana zimehifadhiwa kumbe zinavuta kitu kutoka nje kimyakimya.

Kwa Hisabati, GeoGebra inastahili nafasi kama hiyo, nayo ina programu ya kusakinisha inayofanya kazi bila intaneti. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter kama kazi yake ya chuo huko Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ni bure kwa matumizi ya shule. Iandike fomula ya kipeo cha pili kwa herufi a, b na c, nayo itakupa vitelezi vya kubadilisha thamani ya kila herufi, na grafu itajikunja na kuhama mbele ya macho ya wanafunzi. Waulize kwanza a ikiwa hasi grafu itaelekea wapi. Ni utaratibu uleule wa kutabiri, kuona na kueleza.

Baada ya zana za kipindi kimoja, fikiria maktaba ya shule nzima, na hapa kuna kazi mbili zinazofanana kwa sura lakini hazifanani kwa matumizi. Kiwix ni programu ya kusoma nakala za tovuti zilizofungwa kwenye faili moja, maarufu zaidi zikiwa nakala za Wikipedia. Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha huchukua takriban gigabaiti 100 au zaidi, lakini ziko nakala ndogo zaidi za mada zilizochaguliwa, nyingine zisizo na picha, na ya Kiswahili ni ndogo kiasi cha kukaa vizuri kwenye memori kadi ya kawaida. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na makala zake nyingi ni fupi mno, hivyo usiitegemee kwa kina cha sayansi. Itumie kumpa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza maana ya dhana kwa lugha anayoielewa, kisha umrudishe kwenye kitabu cha kiada.

Kolibri ni kitu kingine. Hii imetengenezwa na shirika lisilo la kibiashara liitwalo Learning Equality mahsusi kwa shule zisizo na intaneti ya uhakika, na sura yake ya Kiswahili ipo. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unapakua masomo unayoyataka mahali penye mtandao mzuri, kisha kompyuta hiyo hugawa masomo kwa vifaa vingine kupitia Wi-Fi ya ndani bila kutumia hata kilobaiti moja ya intaneti. Humo utapata video na mazoezi ya Khan Academy, shirika lililoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, na unaweza kupanga somo, kuwapa wanafunzi zoezi, na kuona nani amekwama wapi. Kompyuta kuukuu yenye nafasi ya kutosha kwenye diski inaweza kufanya kazi ya kugawa. Ushauri wangu ni kuwa usipakue chaneli nzima, yaani kifurushi chote cha masomo. Chagua mada zilizomo kwenye daftari lako la makosa, kwa kuwa chaneli yenye video nyingi itakula diski yote na wewe mwenyewe utapotea ndani yake. Video za Khan Academy ziwe fupi darasani, uzisimamishe kila baada ya dakika mbili tatu na kuuliza, kwani lafudhi ya Kimarekani na mwendo wa maelezo huwaacha nyuma wanafunzi wengi wanaokaa kimya kwa adabu huku hawaelewi.

Wewe mwenyewe nawe unahitaji kusoma zaidi ya kitabu cha mwanafunzi. Kwa hilo vitabu vya OpenStax, vinavyotolewa na Chuo Kikuu cha Rice cha Texas tangu mwaka 2012, ni hazina: Fizikia, Kemia, Biolojia na hesabu za ngazi ya chuo, vilivyoandikwa na kuhaririwa kama vitabu vya kuuzwa lakini unavipakua bure kwa PDF. Kwa Kidato cha Tano na cha Sita vinakusaidia moja kwa moja. Kwa ngazi za chini vinakusaidia wewe usiishiwe majibu. Siyavula ya Afrika Kusini ina vitabu vya sayansi na hisabati vya sekondari vilivyo karibu zaidi na mazingira yetu, na mazoezi yake mengi ni mazuri, ingawa mpangilio wa mada unafuata mtaala wa huko.

Kama umepangiwa shule ya msingi, au una mwenzako huko, mwelekeze African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza kutoa hadithi mwaka 2014. Hadithi fupi zenye picha, zilizopangwa kwa ngazi za usomaji, zipo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika, nazo hupakuliwa na kuchapishwa. Walimu wa madarasa ya chini wanaolia kwamba watoto hawana cha kusoma nje ya kitabu cha kiada wanaweza kuchapa hadithi kumi kwa gharama ya karatasi na wino tu. Vilevile TESSA, mpango unaoratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, una moduli za mbinu za kufundishia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na ni nzuri hasa kwa anayefundisha darasa kubwa lenye vifaa haba.

Hapo kwenye kuchapa ndipo linapoingia suala ambalo nakuomba ulichukulie kwa uzito tangu mwanzo, yaani leseni. Kitu kusomeka bila malipo hakukupi ruhusa ya kukichapa, kukibadili au kukiuza. Kitabu cha kiada kilichoko kwenye maktaba mtandao kinaweza kuwa bure kusoma huku haki zote zikiwa zimehifadhiwa. Kwa upande mwingine, kazi nyingi kati ya nilizozitaja zina leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002 na hutambulika kwa herufi chache chini ya ukurasa. CC BY inakuruhusu kunakili, kubadili na kusambaza mradi umtaje mwenye kazi. Ikiongezwa NC, usiifanye biashara. Ikiongezwa SA, ukibadili sharti utoe kazi yako kwa leseni ileile. Ikiongezwa ND, usambaze kama ilivyo bila kubadili. Ukitengeneza notisi zako kwa mchoro wa mtu mwingine, andika chini yake jina la mwenye mchoro na leseni yake. Wanafunzi wako watajifunza hapo uaminifu wa kitaaluma bila wewe kuhubiri. Na notisi zenye mchoro wa leseni ya NC usiziuze steshenari, hata kama walimu wengine wanafanya hivyo.

Kazi za ofisini nazo zina zana zake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu alama za watoto wa watu zimo ndani. LibreOffice ni programu ya bure kabisa ya kuandika mitihani na kupanga alama, na haihitaji ufunguo wa kununua wala wa kuiba. Programu za wizi zinazosambazwa kwa flashi ndizo zinazoleta virusi kwenye kompyuta za shule. Kwa kupanga madaraja ya Kidato cha Nne, ambapo A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44 na F ni chini ya hapo, walimu huandika fomula kama hii katika Calc, alama ikiwa kwenye seli B2:

`=IF(B2>=75;"A";IF(B2>=65;"B";IF(B2>=45;"C";IF(B2>=30;"D";"F"))))`

Fomula hiyo ni sahihi kwa mwanafunzi aliyefanya mtihani, na ni ya hatari kwa asiyefanya. Seli ikiwa tupu, programu huihesabu kuwa sifuri na kumpa F mtoto aliyekuwa hospitalini. Na ukiandika neno kama hakuja mahali pa alama, linatokea baya zaidi: programu huona maandishi kuwa makubwa kuliko namba yoyote, hivyo humpa A. Matokeo kama hayo yakishabandikwa ubaoni, kuyaondoa ni kazi. Acha seli ya asiyefanya mtihani ikiwa tupu, na mwanzo wa fomula uwe hivi, ABS ikimaanisha hakufanya mtihani:

`=IF(B2="";"ABS";IF(B2>=75;"A";IF(B2>=65;"B";IF(B2>=45;"C";IF(B2>=30;"D";"F")))))`

Baada ya hapo chagua wanafunzi watano wa nasibu, akiwemo wa alama 74 na wa 75 kama wapo, ukokotoe kwa mkono na kulinganisha kabla hujampelekea mwalimu wa taaluma.

Jedwali hilo la alama lina majina, na majina ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2019. Hata pasipo sheria, mwalimu hapaswi kupandisha orodha ya wanafunzi, namba zao za mtihani, picha zao au taarifa za familia zao kwenye tovuti ya bure asiyoijua mwenyewe. Zana inayomtaka mwanafunzi ajisajili kwa namba ya simu ya mzazi ndipo aone zoezi, iache. Kumbuka pia kwamba shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na familia nyingi zina simu moja inayotoka na baba asubuhi. Kazi ya nyumbani inayodai intaneti itawaadhibu walio maskini kwanza. Kama unataka wajisomee likizo, wape karatasi, na anayeweza kufika kwenye maktaba ya mkoa au kwa ndugu mwenye kompyuta umwandikie anwani kamili ya ukurasa, si jina la kutafuta.

Kuandika anwani kamili kuna sababu. Mwanafunzi akitafuta mitihani ya bure kwa maneno tu, mara nyingi huangukia kurasa zenye majibu yaliyokosewa, matangazo ya kamari, au vitufe vya kupakua vinavyoshusha programu nyingine kabisa. Mfundishe kusoma anwani juu ya kivinjari: tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na za vyuo vyetu .ac.tz. Programu za simu zipakuliwe kwenye duka rasmi la simu husika, si faili lililotumwa na mtu kwenye kundi.

Programu za akili mnemba za kujibu maswali, zilizoenea tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, utazikuta mikononi mwa wanafunzi na walimu vilevile. Mimi naziona zinafaa kwa rasimu: kukutungia maswali ishirini ya kuchagua jibu ambayo utayachuja yabaki manane, au kukupa namna tatu za kueleza dhana moja. Hazifai kuwa chanzo cha jibu la mwisho, kwa kuwa hukosea kwa sauti ileile ya uhakika inayotumika kwa jibu sahihi, hasa kwenye hesabu zenye hatua nyingi, vipimo, na maswali yanayohusu mtaala wetu. Kila swali ulilotungiwa lifanye mwenyewe kwa kalamu hadi mwisho kabla halijaingia kwenye mtihani. Na usimpe mwanafunzi alama kwa insha ambayo hawezi kuieleza kwa mdomo akiwa amesimama mbele yako.

Baki na mpangilio ulio rahisi wa kuhifadhi. Kwenye flashi au diski yako fungua folda kwa kila kidato, ndani yake folda kwa kila mada kwa jina lilivyo kwenye muhtasari, na ndani ya kila mada weka faili la jaribio, maswali ya utabiri uliyotumia, maswali ya NECTA yanayohusu mada hiyo, na maandishi mafupi yenye anwani ulikopakua, tarehe na leseni. Faili likiwa na jina la `download(3)` halitakumbukwa na mtu muhula ujao. Weka nakala mbili mahali tofauti, moja isiwe ile unayotembea nayo, kwa kuwa flashi hupotea na huambukizwa virusi kwenye kompyuta za steshenari. Kila mwisho wa muhula futa usichotumia na uongeze mstari mmoja kuhusu kilichowasaidia wanafunzi na kilichowachanganya. Ukihamishwa, mwachie mwalimu wa taaluma nakala nzima pamoja na daftari la makosa, na umwonyeshe mwalimu anayepokea vipindi vyako jinsi ya kufungua faili moja akiwa amezima data, kabla hujakabidhi funguo za maabara.